Mama Yuko Kazini Chumbani

Kila alasiri Bupe alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni na kuingia kwa kunyata. Hakutakiwa kuimba. Hata kuburuta kigoda hakutakiwa. Mama yake, Demetria, alikuwa kazini, na kazini penyewe palikuwa chumbani, hatua nne tu kutoka mezani alipofunikiwa wali wake.

Zamani Mama alifundisha shule moja ya binafsi, mpaka ilipofungwa. Sasa alifundisha Kiswahili kwa kompyuta, na wanafunzi wake walikuwa Ujerumani na Korea. Kazi ile haikuwa na kengele wala likizo. Mwanafunzi akitokea saa yoyote, Mama aliketi. Baba naye alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Basi Bupe alikula peke yake, akafanya hesabu peke yake, huku akisikia mama yake akicheka nyuma ya mlango na watu asiowajua.

"Hongera sana! Sema tena, polepole!"

Jamani, sauti ile ilikuwa tamu! Bupe alitafuna wali wa baridi na kuwaonea wivu Wajerumani. Noela, aliyekaa naye dawati moja, alipomwuliza, "Mama yako anafanya kazi gani?" Bupe alijibu, "Hana kazi. Anashinda chumbani."

Nyumba yao ya Keko ilitumia umeme mmoja na karakana ya jirani yao, Fundi Azan, seremala. Swichi kubwa ilikuwa ukumbini, nayo ilikuwa kuukuu. Jumatatu moja Fundi alipowasha mashine ya kurandia mbao, swichi ilizidiwa ikajishusha yenyewe, ta! Kompyuta ya Mama ilishakufa betri siku nyingi, kwa hiyo darasa nalo likazimika.

Mama akatoka akicheka. "Wamenikata!" Akaketi barazani na Bupe, akamsuka upya msuko uliofumuka na kumwuliza habari za shule. Dakika kumi tu, lakini Bupe alijiona ana mama kama watoto wengine. Kisha Mama akapandisha swichi, akarudi chumbani.

Jumanne Bupe alisubiri weee, swichi haikushuka. Akapanda kigoda, akaishusha kwa kidole.

Mama alitoka, lakini safari hii hakucheka. "Imejishusha tena?"

"Mashine ya Fundi hiyo," alisema Bupe. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri.

Jumatano akarudia. Mama akatoka ameshika kichwa. "Mara tatu wiki hii! Kampuni inayonipa wanafunzi imeniandikia sasa hivi kwenye simu, nikikatika tena katikati ya somo wanalifuta jina langu. Huyu Fundi anataka nini kwangu?"

Akatoka mbiombio mpaka karakana, Bupe nyuma yake.

"Shikamoo, Fundi. Mashine yako inaniharibia kazi!"

"Marahaba, Mama Bupe. Mbona leo nimeranda kidogo tu?"

"Kwani swichi inashuka bila sababu?"

Fundi Azan alimtazama, akafuta jasho. Alikuwa na kabati la kukabidhi Jumamosi kwa watu wa harusi, na mbao nyingi zilikuwa bado hazijarandwa. "Haya. Ukiwa darasani, mie nitaranda kwa mkono. Jirani ni jirani."

Bupe alisikia yote, akanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile aliiona ndefu.

Alhamisi aliporudi, karakana ilikuwa kimya. Fundi alikuwa akisukuma randa ya mkono, shati limemlowa. Kila baada ya ubao mmoja alisimama akashika kiuno. Alipomwona Bupe aliweka kidole mdomoni. "Ingia taratibu, mwanangu. Mama yuko darasani."

Bupe aliuacha wali mezani, akakaa chini ya ile swichi, akaitazama. Siku zote alikuwa mpweke. Leo alikuwa mpweke na mwongo, tena hakuwa na wa kumwambia.

Saa kumi na mbili Mama alitoka kuchukua maji. Bupe akasimama.

"Mama, siyo Fundi. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nimeshusha swichi. Juzi na jana."

Glasi ilibaki mkononi mwa Mama. "Kwa nini, Bupe?"

"Jumatatu ilipojishusha, ulikaa na mimi."

Mama alikasirika, alihuzunika, vyote kwa pamoja. Akamshika mkono wakaenda karakana.

"Fundi, nisamehe. Nimekusingizia," alisema Mama. Bupe naye, huku analia, akaeleza alivyofanya na kuomba radhi.

"Loo! Mgongo wote huu, kumbe ni wewe!" Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Umesema mwenyewe, nimesamehe. Lakini ungenyamaza, kabati la harusi lisingekwisha, na Jumamosi mie ndiye ningeitwa mwongo." Akawasha mashine yake.

Waliketi barazani. Mama akasema, "Shule ilipofungwa nilijiona si kitu. Sasa mtu aliyekuwa hajui hata kusema 'asante' ananisimulia habari za mama yake kwa Kiswahili, na mimi najiona mwalimu tena. Ndiyo maana naipenda kazi hii, siyo mshahara tu. Ukiwa na jambo moyoni, liseme. Ukilifunika kwa uongo, anaumia mtu asiye na kosa."

"Nimekosa, Mama."

"Na mimi nimekosa. Wenye ofisi hufunga mlango wakarudi kwa watoto wao. Mimi ofisi yangu iko nyumbani, nikasahau kurudi. Kazi ni heshima, lakini nayo lazima iwe na mwisho wa siku."

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili, Mama alizima kompyuta. Mwanafunzi aliyetaka somo aliandikiwa asubiri mpaka kesho. Kisha Bupe akasikia mlango wa chumba ukibishwa kwa ndani.

"Hodi!"

Bupe akacheka, akaenda kuufungua. "Karibu, Mama. Pole na kazi."

Mama akasimama pale pale kizingitini. Tangu shule ifungwe, hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo.

"Nishapoa, mwanangu," alisema, akaja kuketi naye mezani.