Kadi ya Mama na Ahadi ya Bomba

Kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji ndoo nne kwenye bomba la sokoni. Foleni ilikuwa ndefu, na kina mama walinitania kwamba shingo yangu itaishia kifuani kwa kubeba ndoo. Nilicheka nao, lakini jamani, nilikuwa nimechoka! Umri wangu miaka kumi na miwili tu, na kichwa tayari kina sugu.

Ndipo wakati wa kampeni ukafika. Mgombea mmoja alisimama juu ya gari akaahidi bomba kila mlango, na watu wakashangilia. Kesho yake, Jumatano, mpambe wake tuliyemwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake alinikuta peke yangu nyumbani. Mama, fundi cherehani, alikuwa amekwenda kupeleka sare.

"Binti, niletee kadi ya mama ya kupigia kura, niandikishe nyumba yenu," alisema. "Mtakuwa wa kwanza kupata bomba. Ila usimwambie mtu, majirani wasije wakawaonea kijicho."

Wa kwanza! Sikufikiri mara mbili. Nilifungua droo ya cherehani, nikaitoa kadi chini ya kopo la vifungo, nikampa.

Jioni mama alikata kitambaa huku akiongea na jirani. "Jumapili naamkia kituoni," alisema. "Wamesema usipokuwa na kadi, unarudishwa mlangoni."

Na kadi ilikuwa kwa Kipaza! Alhamisi baada ya masomo nilikimbia hadi ofisi ya kampeni.

"Shikamoo. Naomba kadi ya mama."

Kipaza aliinama mpaka nikasikia pumzi yake sikioni. "Ukifungua mdomo, mama yako atakamatwa kwa kuuza kadi. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Usiku huo kila mshindo wa nyayo mlangoni nilidhani ni wa askari. Kesho yake darasani mwalimu aliniita mara tatu ndipo nikaitika, na wenzangu wakacheka.

Ijumaa mchana mama alisimamisha cherehani. "We mtoto, una nini?" Alinigusa shingo kupima homa.

"Mama, usiende jela!" Niliangua kilio, nikasema yote.

Nilisubiri kofi, lakini halikuja. Mama naye aliogopa, niliona midomo yake imekauka. Kisha akavaa viatu.

"Twende bombani. Haiwezekani awe amekudanganya wewe peke yako."

Mbele ya foleni nzima mama alieleza yaliyotupata. Nilitamani ardhi inimeze. Watu walitazamana. Mwishowe muuza mkaa akakohoa.

"Hata mimi nilimpa. Aliniambia nitakuwa wa kwanza."

"Ala! Na mimi pia wa kwanza!" akasema mwingine.

Walikuwa kumi na mmoja, wote wa kwanza, na kila mmoja alikuwa amefunga mdomo asije akaharibu bahati yake. Tuliongozana hadi ofisi ya uchaguzi. Ofisa aliandika maelezo yetu, akaenda na askari kwa Kipaza. Walikuta kadi zote ndani ya boksi la viatu. Orodha ya mabomba haikuwepo, hata karatasi moja. Kipaza alichukuliwa, na watu wote wakarudishiwa kadi zao kabla jua halijazama.

Njiani muuza mkaa alifura kwa hasira. "Mimi sipigi kura tena. Wote ni walewale!"

"Usipopiga, utakuwa umempa Kipaza alichokitaka," mama alimjibu. "Uchaguzi uliopita mtaa wetu ulimnyima kura mgombea wake. Safari hii walitaka tubaki nyumbani."

Muuza mkaa aliguna tu, lakini kadi yake aliishika kwa mikono miwili.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, kutaka bomba si kosa, hata mimi nalitaka. Lakini mtu akikuahidi kitu, muulize atakifanya lini na kwa njia gani, na alichoahidi zamani kiko wapi. Akikwambia ufanye siri, kimbia. Na ukikosea, njoo uniambie siku hiyohiyo. Kipaza alichukua kadi kwa dakika moja, lakini siku mbili ulizoogopa peke yako ndizo zilizokaribia kuninyima kura yangu."