Kahawa ya Kutafuna na Kahawa ya Kunywa

Kahawa ya Shehe ilikataliwa. Mizigo sita, yote. Karani wa ghala pale Bukoba alitia mkono katika gunia la kwanza, akanusa, akauliza, "Hii ni dawa ya tumbo?" Gunia la pili hakulifungua.

Shehe alikuwa mwenye duka Omurushaka, katika nchi ya Karagwe. Baba yake alikuja na msafara kutoka Bagamoyo, akaoa, akabaki. Dukani mwa Shehe mlikuwa na chumvi, shanga, kaniki na majembe. Wakulima wa kijiji cha Rugera walimletea kahawa, naye akawapa bidhaa. Wachuuzi wa kaskazini walikuja kuichukua kahawa ile. Kwa biashara hiyo nyumba yake ilikula miaka ishirini.

Kahawa yenyewe ilikuwa ya kutafuna. Watu wa Rugera waliichuma ingali kijani, wakaichemsha na majani ya kunukia, kisha wakaianika. Mgeni akifika, alipewa buni chache atafune kabla ya kuulizwa habari za safari. Nyumba isiyokuwa na kahawa ya mgeni iliona aibu.

Kisha mambo yakageuka. Wachuuzi wa kaskazini wakaja wachache, halafu wasije kabisa. Wakati huohuo habari zikafika kwamba Bukoba kuna meli. Meli inavusha kahawa ziwa mpaka kwenye gari la moshi, gari la moshi linaifikisha Mombasa, na kutoka Mombasa inakwenda Ulaya. Huko wanaitaka, tena nyingi.

Shehe alikwenda mbio mpaka Rugera. "Mnunuzi huyu ni mkubwa," aliwaambia wakulima. "Mpikieni kama mnavyompikia mfalme."

Wakampikia. Waliongeza majani mara mbili. Walichemsha kutwa nzima. Haikuwahi kutoka Rugera kahawa iliyopikwa kwa heshima kama ile. Hiyo ndiyo aliyoinusa karani.

Sasa Shehe alikuwa nje ya ghala, hakai. Anakwenda mpaka kwenye ukuta, anarudi. Anafungua gunia, anafunga. Wapagazi wake walikuwa wamekaa kivulini wakimtazama.

"Tajiri," mmoja alisema, "ukiendelea hivyo utachimba mtaro."

Shehe hakucheka. Kaya kumi na nne za Rugera zilikuwa zinamngoja. Zikikataa kumpa kahawa iliyobaki mitini, duka halina kitu cha kuuza wala cha kununulia. Angefunga mlango, amchukue mkewe Mwaja, waende Tabora kukaa nyuma ya nyumba ya kaka yake.

Jirani na ghala lile palikuwa na ghala jingine, ambako wanawake walichambua kahawa kwa nyungo. Mmoja wao alikuwa Mwanahalima, mdogo wake Mwaja. Alitoka na ungo kichwani akamwona.

"Shemeji! Umefika mjini, hata hodi hakuna?"

"Nitapiga hodi na uso gani, Mwanahalima? Wamenikatalia mzigo."

Mwanahalima alichota buni chache guniani, akanusa, akatafuna moja. "Mh! Tamu. Nani kapika?"

"Rugera yote."

"Basi Rugera yote wamekosea pamoja. Shemeji, wewe asubuhi unakunywa nini?"

"Kahawa na tangawizi. Kwani hujui?"

"Mwaja anaipikaje?"

"Anakaanga buni kavu, anatwanga, anachemsha."

"Mbona hakaangi hizi?"

"Hizi za kutafuna, bwana! Nani anakaanga kahawa ya..." Mguu wa Shehe, uliokuwa ukipigapiga chini, ulitulia.

"Sema tu," Mwanahalima alisema. "Mzungu hatafuni. Anakaanga kama dada yangu."

Alimpeleka nyumbani kwake. Aliweka vikaango viwili motoni. Katika kimoja alitia buni za Rugera, katika kingine buni zilizokaushwa bila kuchemshwa. Alizitwanga kila moja peke yake, akamimina vikombe viwili. Shehe alikunywa cha kwanza akakunja uso. Kilikuwa kama maji ya kuogea mgonjwa. Cha pili kilikuwa kahawa.

"Nieleze," alisema. "Pole pole, nisije nikakosea tena."

"Kwanza, msichume za kijani. Ngojeni ziwe nyekundu. Pili, msichemshe wala msitie jani. Tatu, zianikwe juani, juu ya mikeka, si chini kwenye udongo. Mzigeuze kila siku. Jioni mzifunike kwa ajili ya umande. Mvua ikitishia, mzikimbize ndani."

"Nitajuaje zimekauka?"

"Chukua moja, itikise sikioni. Ikilia ndani, imekauka. Isipolia, rudisha juani. Ukifunga gunia lenye kahawa mbichi, inaota ukungu, na ukungu unatembea."

"Na hawa Wazungu wakigeuka kama wale wa kaskazini?"

"Wanaweza. Siku meli inakuja na habari kwamba kahawa imejaa nchi nyingine, hapa bei inaanguka. Siku nyingine inapanda. Sisi hatuoni huko, tunaona bei tu. Kwa hiyo usimwambie mtu afyeke migomba apande mibuni. Watu waendelee kula ndizi zao. Na kabla ya kuleta mzigo, tuma mtu aje aniulize wanataka nini."

Njia ya kurudi ilikuwa siku sita. Mizigo ilirudi migongoni mwa wapagazi, na Shehe alitembea mbele yao kama mtu anayefukuzwa.

Mwaja alisikiliza habari yote akiwa anapima chumvi. Kisha alisema, "Akija mtu kununua kaniki, humuulizi ni ya kuvaa au ya kubebea mtoto?"

"Namuuliza."

"Na huyu wa Bukoba ulimuuliza kahawa anaifanyia nini?"

"Sikumuuliza."

Mwaja alichukua mtandio wake, wakaenda Rugera pamoja.

Rutahiwa, mkubwa wa wakulima wale, aliwapokea uani. Alikuwa mzee mkali wa ulimi.

"Shikamoo, mzee," Shehe alisema.

"Marahaba. Mizigo yetu imepita njiani inarudi. Tumeiona. Au magunia siku hizi yanatembea kwenda kusalimia Bukoba?"

Shehe alieleza yote. Watu walianza kunong'ona.

"Subiri," Rutahiwa alisema. "Juzi ulisema tupike kama kwa mfalme. Leo unasema tusipike kabisa. Kesho utasema tusichume."

"Kwa sasa msichume, mzee. Kweli. Ngojeni ziwe nyekundu."

Uani watu waliangua kicheko. Rutahiwa hakucheka. Alichukua panga, akaenda nyuma ya nyumba, na watu wakasikia panga likifanya kazi. Alikata mbuni wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkewe, Kokuhirwa, alimfuata akamshika mkono.

"Mzee, mti umekukosea nini? Aliyekosea amesimama uani."

"Huyo siwezi kumkata," Rutahiwa alisema, akihema.

Mwaja alipiga magoti mbele yao. "Mama, mzee, mume wangu alikosea. Lakini mkipika tena, hakuna wa kununua. Wa kaskazini hawaji. Oneni wenyewe, ni msimu wa pili sasa."

Kokuhirwa ndiye aliyetoa jibu. "Tukingoja ziive, ndege watakula na mvua itaangusha. Hasara hiyo ni yetu peke yetu? Weka kitu, tujue na wewe umo."

Hivyo Shehe akatoa jembe moja kwa kila kaya. Majembe ya duka yakaisha yote. Na watu wakakubaliana jambo jingine: kila nyumba itachemsha kikapu kimoja cha kahawa ya wageni, kama desturi. Nyingine zote zitangoja.

Kungoja kulimtesa Shehe kuliko safari. Kila siku mbili alikuwa Rugera, akipinda matawi na kutazama.

"Acha kuja," Rutahiwa alimwambia. "Buni zinakuogopa, ndiyo maana haziivi."

Lakini ziliiva. Zikachumwa nyekundu, zikaanikwa. Mwaja alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaonyesha wanawake kutikisa buni sikioni. Watoto walifanya mchezo, wakitikisa kila kitu, mpaka mayai.

Siku za mwisho za kiangazi, mawingu yalikuja mchana. Wengi walikimbiza mikeka ndani. Nyumba mbili zilikuwa zimekwenda kwenye arusi. Mvua ilinyesha muda mfupi tu, lakini kahawa yao ililowa, ikarundikwa ikiwa mbichi, na baada ya siku chache ilikuwa na ukungu mweupe.

"Ni mizigo miwili," Shehe alisema. "Tuigawe kidogo kidogo ndani ya magunia mengine. Nani ataona?"

"Ataona anayenusa," Mwaja alisema. "Changanya, na mizigo minane yote irudi. Halafu wewe ndiye utakayekwenda kumwambia Rutahiwa."

Shehe alizunguka ile kahawa mara tatu. Kisha akaimwaga migombani.

Alifika Bukoba na mizigo sita. Karani yuleyule alitia mkono, akanusa. Alipasua buni kwa meno, akatazama ndani. Alifungua gunia la pili. Shehe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja bila kujijua. Karani alifungua la tatu, la nne, la tano, la sita.

"Hii ni safi," karani alisema. "Una nyingine?"

"Msimu ujao," Shehe alisema. "Lakini kwanza niambie, mtaitaka namna hiihii?"

Karani alimtazama kwa mshangao. "Watu hawaniulizi hivyo. Namna hiihii. Ikibadilika nitamwambia yule mchambuzi wa ghala la jirani, aliyekuita shemeji siku ile."

Kila kaya ya Rugera ilipata kaniki na chumvi, hata zile mbili za arusi, kidogo. Duka la Omurushaka halikufungwa.

Hivi ndivyo vitu vilivyopotea. Mizigo sita ya kahawa iliyochemshwa, ambayo haikupata mnunuzi. Mizigo miwili iliyoota ukungu kwa mvua ya mara moja. Majembe kumi na manne. Siku ishirini na nne za kutembea, safari mbili, kwenda na kurudi. Na mibuni mitatu ya Rutahiwa. Alipanda mingine mwaka huohuo, nayo ilikaa miaka minne ndipo ikazaa.