Kiu Iliyofunikwa kwa Mawe

Dumu lilikuwa kavu. Tusajigwe alilipindua, akaligonga tako kwa kiganja, likatoa vumbi jekundu lililomwingia machoni. Jana jioni alilijaza mpaka shingoni, na mumewe alilibeba kwa mikono miwili huku akilalamikia mgongo.

"Hukukaza kifuniko," Ambakisye alisema kutoka ndani ya hema, juu ya paa la gari.

"Nilikaza."

"Basi maji yamekwenda wapi?"

"Ndilo swali ninalokuuliza wewe, Baba Lusekelo."

Tusajigwe alichutama akapapasa mchanga pale dumu liliposimama usiku kucha. Mkavu. Wala dumu halikuwa na ufa. Lakini palikuwa na harufu, nzuri hata, harufu ya ardhi inayopigwa na mvua ya kwanza. Aliinua uso. Mbinguni hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

Walikwisha kuchoshana kabla ya siku hiyo. Safari ilikuwa ya Ambakisye. Ndiye aliyesimama mbele ya usharika wao kule Rungwe akasema atakwenda na mkewe kwa gari mpaka Ethiopia, wakilala kwenye hema njiani na kuyatembelea makanisa madogo yasiyotembelewa na mtu. Watu walipiga makofi. Tusajigwe naye alipiga makofi, maana angefanyaje? Tangu hapo alikuwa amepika kwa kuni mbichi Handeni, amesukuma gari kwenye matope ya Garsen, ameumwa na mbu wa kila wilaya. Jana, walipovuka Tana kule Masalani, polisi wa kizuizini waliwaambia wasilale njiani, wafike Garissa mjini. Ambakisye aliitikia vizuri tu. Kisha gari likachemka, nao wakajikuta wanakunja kando ya barabara, kwenye uwazi wenye migunga na rundo la mawe.

Mawe hayo yalimfurahisha Ambakisye. Aliyatoa makubwa akazuia magurudumu, madogo akayafanya mafiga. Chini yake kulikuwa na matawi makavu ya miiba, na chini ya miiba shimo la duara. Alichungulia, akasema ni kisima kilichokufa.

Asubuhi ile ya dumu kavu alipita mama mmoja mfugaji aliyevaa baibui la rangi ya majani, akipeleka maziwa ya ngamia barabarani kwa punda. Aliitwa Muslimo. Aliwauzia maziwa na kuwaelekeza kwenye bwawa la kijiji chao. Kisha akayaona mawe chini ya magurudumu, akamvuta punda nyuma.

"Mama," alimwambia Tusajigwe kwa sauti ya chini, "hii mawe nani ametoa?"

"Mume wangu."

"Rudisha. Bole sana, lakini rudisha leo. Hiyo kisima wazee walifunga samani. Mimi mtoto bado."

"Walikifunga kwa nini?"

Muslimo alitazama kisima, akatazama pembeni. "Maji ilikuwa haitoki. Ilikuwa naingia."

Tusajigwe alimpelekea mumewe maneno hayo kama yalivyo. Ambakisye alikuwa amelala chini ya gari na spana mkononi. Alisema hakutoka Rungwe kuja kuogopa shimo. Alisema mawe atayarudisha gari likipona, maana sasa yameshika magurudumu. Tusajigwe alijaribu kuliinua moja peke yake, likamshinda, akalipiga teke akaumia kidole.

Walichota maji bwawani, madumu yote. Kulipokucha yalikuwa makavu yote. Rejeta nayo ilikuwa kavu. Chupa ya chai ilikuwa na majani yaliyokauka na kushikamana na kioo, kana kwamba chai ile ilinywewa mwaka jana. Waligombana mpaka sauti zikakwama. Yeye alisema mkewe anamwaga maji makusudi ili safari ife. Mke alisema safari ilikufa Handeni, kilichobaki ni kuzika. Kisha walikaa kila mmoja upande wake wa gari, midomo imepasuka, na hakuna aliyeomba msamaha kwa sababu kila mmoja aliamini kweli kwamba ni mwenzake.

Walichota tena. Jioni hiyo Tusajigwe alikwenda kuokota kuni, na aliporudi jua lilikuwa limegusa vichaka. Alimwona mumewe amekaa ukingoni mwa kisima, miguu ikining'inia ndani, ameshika dumu zima juu ya uso wake.

Alitaka kumfokea. Lakini maji yalikuwa yanashuka kutoka kwenye dumu lile yakiingia mdomoni mwa Ambakisye bila kupumzika, na koo lake halikusogea, halikumeza hata mara moja, maji yakaingia tu kama yanavyoingia kwenye bomba, na tumbo lake chini ya shati likabaki bapa, na kutoka chini ya miguu yake, ndani kabisa ya ardhi, Tusajigwe akasikia yakidondoka, tone, tone, halafu mkondo mzima, na harufu ile ya mvua ikapanda ikaujaza uwazi wote mpaka akahisi baridi mikononi na kuni zikamtoka zikaanguka moja moja juu ya miguu yake.

Ambakisye aligeuka. Ndevu zake zilikuwa kavu.

"*Biyo*," alisema. Sauti ilikuwa ya mwanamke, iliyokwaruza. "*Biyo i sii*."

Tusajigwe hakujua Kisomali. Lakini neno lile la kwanza alilisikia bwawani siku zote mbili, kila mwanamke akilitaja akiinama na ndoo yake. Maji. Na Ambakisye, ambaye kila jioni aliharibu hata salamu za Kisomali watu wakamcheka, alilitamka kama mtu aliyezaliwa nalo.

Alikimbia mpaka kijijini.

Huko alipata mtandao kidogo, akampigia mkuu wa usharika. Alimweleza yote. Mchungaji huyo alimwambia ni uchovu wa jangwa, wavumilie, waombe, kanisa linawaombea. "Nimeomba," Tusajigwe alisema. "Nimeomba mpaka nimekasirika." Simu ikakatika, alipopiga tena haikushika.

Muslimo alisimama karibu naye muda wote. Hakumwambia kwamba alimwonya. Alimshika mkono akampeleka kwa Sheikh Issack, mzee mwembamba aliyesomesha watoto Qur'ani chini ya kibanda cha mabati, na asubuhi walikwenda wote pale kwenye gari pamoja na wanaume wawili na gari lao dogo la mizigo.

Ambakisye walimkuta amelala kifudifudi, uso ndani ya kisima. Alipoketishwa alicheka. Sheikh Issack alisoma kwa sauti ya kawaida, bila kupiga kelele, na Tusajigwe alishangaa jinsi sauti ile ilivyomtuliza yeye mwenyewe kwanza. Mumewe alianza kutetemeka. Ile sauti ya mwanamke ikazungumza kwa kirefu kinywani mwake, na Muslimo akatafsiri akiwa amejifunika mdomo kwa ushungi.

"Anasema walimfunga hapo pamoja na kiu yake. Anasema huyu mwanamume alimfungulia, akaingiza kichwa yake ndani, basi yeye akatoka na huyu akaingia. Kila maji anakunywa, haishiki. Anataka mto."

"Mto tutampa," alisema Sheikh Issack. "Atupe mtu wetu." Kisha alimgeukia Tusajigwe. "Mama, mimi nitasoma kitabu yangu. Wewe omba kwa njia yako, sina ugomvi. Lakini sikia hii. Tutamfunga kamba, ataingia majini, wewe ndio utashika. Jini atakuita. Atasema mama, atasema mke wangu, atalia. Usifute kamba. Jina yako ile ya nyumbani hawezi kutamka, hata akae ndani yake mwaka. Mume wako akirudi, atakuita jina. Hapo futa."

"Na nikivuta kabla?"

Mzee aliangalia kisima. "Usifute kabla."

Walifika Tana saa za adhuhuri, mahali ambapo kingo ziko chini na maji ni ya rangi ya chai ya maziwa. Wanaume walisimama na fimbo ndefu kwa ajili ya mamba. Ambakisye, amefungwa kiunoni kwa kamba ya kuvutia gari, aliingia bila kushikwa, akaenda mpaka maji yakamfika tumboni, akainama akaanza kunywa mto.

Tusajigwe alishika kamba. Sheikh alisoma. Jua lilimkaa utosini. Mumewe alikunywa, akalia kwa sauti ya mwanamke, akacheka, akatukana kwa lugha isiyojulikana hata na Muslimo, akanywa tena. Kamba ilimchubua viganja. Aliomba mpaka maneno yakaisha, kisha akabaki na hasira tupu: hasira kwa mto, kwa gari, kwa makofi ya usharika, kwa mgongo ule ulioinama ambao ulimburuta nusu ya Afrika Mashariki bila kumuuliza kama amechoka. Kivuli cha mti uliokuwa ng'ambo kilisogea kikaufikia ukingo wao. Hakuitwa.

Kisha Ambakisye alisimama wima. Aligeuka, na uso ulikuwa wake, na sauti ilikuwa yake, ya chini, yenye mikwaruzo ya asubuhi.

"Mke wangu," alisema. "Nivute. Nimechoka."

Sheikh Issack hakuacha kusoma. Tusajigwe alisubiri. Alitaka kusubiri.

"Mke wangu, maji ni baridi. Twende nyumbani."

Nyumbani. Tangu waondoke Rungwe hajawahi kulisikia neno hilo mdomoni mwa mumewe. Mikono yake ilianza kuvuta kabla hajaamua, na alipojua anachofanya hakuacha, alivuta kwa nguvu zote, akirudi nyuma kwenye tope mpaka Ambakisye akaanguka miguuni pake, mzima, maji halisi yakimtiririka kwenye ndevu.

Sheikh alifunga kitabu. "Amekuita?"

"Ameniita," alisema Tusajigwe.

Usoni mwa mzee palipita kitu, lakini alisema alhamdulillahi, na wengine wakaitikia.

Madumu hayakukauka tena. Gari liliwekwa maji likaenda mpaka Garissa bila kuchemka. Walipanga chumba karibu na soko, wapumzike kabla ya kurudi Tanzania, kwa maana Ambakisye alikubali kurudi mara tu alipoulizwa. Alikubali kila kitu. Hakulalamikia kitanda wala kelele za jenereta. Alikula alichopewa, akashukuru, akakaa dirishani akitazama watu, mikono juu ya magoti. Kwa siku kadhaa Tusajigwe alilala usingizi mzito kama mtu aliyetua mzigo. Halafu ule utulivu ukaanza kumkera. Alimchokoza kidogo, akasema safari ile ilikuwa upumbavu. Mwanamume yule alitabasamu akasema, "Ndiyo, mke wangu." Yule aliyeishi naye miaka yote angebishana mpaka chakula kipoe.

Muslimo alipiga simu asubuhi, siku waliyokuwa wanafunga mizigo.

"Mama, habari ya mzee? Mimi nataka kukuambia tu, wazee wamefunga kisima tena. Mawe yote."

"Mmefanya vizuri."

"Lakini mama..." Alipunguza sauti mpaka Tusajigwe akaziba sikio la pili. "Wakati wanaweka, kuna mtu chini aliita. Mwanamume. Wazee walisema ni machezo ya jini, wakaweka haraka. Mimi leo nimebita na bunda, bado anaita. Neno moja tu. Nataka kukuuliza, kwa lugha ya kwenu, Tusachikwe ni nini?"

Pale kijijini hakuna aliyelijua jina lake; wote walimwita Mama tu.

Alikata simu. Mwanamume alikuwa dirishani.

"Baba Lusekelo," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia mbali, "mimi naitwa nani?"

Yule mtu aligeuka polepole. Alimtazama kwa upole mwingi sana, midomo ikafunguka, ulimi ukagusa meno ya juu, ukakaa hapo, ukatafuta, ukakaa, na mshipa ukamsimama shingoni, na bado alikuwa anatabasamu, na Tusajigwe akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni akiwa na ufunguo wa gari mkononi, akaufunga mlango kwa nje, na kote kwenye ngazi akasikia nyuma yake kucha zikikwaruza mbao, taratibu, bila hasira.

Aliendesha mwenyewe. Polisi walimsimamisha, wakamwona uso, wakamwachia.

Kisimani jua lilikuwa katikati ya mbingu. Muslimo alikuwepo na punda wake, na wazee watatu wakiwa mbali chini ya mgunga, wakipiga kelele na kuwapungia mikono warudi. Tusajigwe alipiga magoti. Aliweka sikio juu ya mawe ya moto, akamwita mumewe kwa Kinyakyusa, kwa jina alilomwita wakiwa vijana.

Kisha kutoka chini, mbali, sauti iliyokauka, ya mtu mwenye kisirani aliyesubirishwa kupita kiasi:

"Tusa. Mbona umechelewa hivyo?"

Alicheka, au alilia. Muslimo baadaye hakuweza kueleza. Alishika jiwe la juu. Lilikuwa lile lile lililomshinda, na lilimshinda tena. Wazee walikuwa wanakuja mbio sasa, kanzu mikononi. Muslimo alimtazama mama huyu mgeni, akasema bismillahi mara kadhaa kwa haraka, akamwachia punda kamba, akainama akashika upande wa pili.

"Inua," alisema.