Ziwa la Kisiki

Kila jioni, nguo zikishaanuliwa na masufuria yakishasuguliwa, msichana aliyeitwa Kisiki alibeba bomba lake hadi uani. Lilikuwa bomba la plastiki lililobaki kwenye kazi za baba yake, fundi bomba. Mbele lilikuwa na lenzi pana aliyopewa na mjomba wake, fundi miwani. Nyuma kulichomekwa kibomba chembamba chenye lenzi ndogo iliyotolewa kwenye kamera iliyokufa. Kisiki mwenyewe alilipaka rangi nyeusi kwa ndani ili mwanga usitangetange. Alilifunga kwa mipira kwenye ngazi ya baba, akageuza ndoo, akakaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa darubini yake, na aliyeicheka alijitafutia ugomvi.

Jina la Kisiki alipewa na baba. "Ukimpiga teke, kidole chako ndicho kitakachoumia," baba alipenda kusema, na hakuwa akitania sana.

Jirani alichungulia juu ya ukuta. "Wewe fundi bomba mdogo! Leo unaunganisha maji ya mwezini?"

"Yakianza kutoka nitakuita, Mama, uje na ndoo," Kisiki alijibu bila kuinua jicho.

Jirani anajua nini? Yeye hakuwa ameona milima ya mwezini ikishika mwanga kileleni huku miguu yake ingali gizani. Hakuwa ameiona sayari ya Mshtarii na vijinyota vyake vilivyojipanga kando kama vifaranga. Mwezi haukutulia hata kidogo. Kila mara uliteleza nje ya bomba, na Kisiki akasogeza ngazi kidogo, akaufukuza tena. Alifurahi mpaka akacheka peke yake.

Jioni hiyo mwezi ulikuwa mchanga, mwembamba. Karibu na katikati yake Kisiki aliona kitu kipya: doa jeusi, dogo kama punje ya mtama. Alifikicha macho, akatazama tena. Doa lilikuwapo. Alikimbilia kitabu cha sayansi, akapekua ukurasa wa mwezi. Kitabuni doa halikuwapo. Moyo ulimdunda kwa furaha. Alichukua penseli na karatasi, akachora kila alichokiona, pamoja na doa lake.

Kesho yake wanafunzi waliweka michoro yao ya mwezi, kazi waliyoagizwa, mezani kwa Mwalimu wa Sayansi. Ijumaa kungekuwa na maonyesho ya shule mbele ya wazazi, na kila mwanafunzi alitakiwa kuonyesha kifaa alichojitengenezea pamoja na kazi iliyofanywa kwa kifaa hicho. Darubini ya Kisiki ndiyo iliyowekewa meza ya mbele.

Kiranja wa darasa alishika mchoro wa Kisiki, akapasuka kwa kicheko. "Jamani, njooni muone! Sote jana tuliona pembe za mwezi zikitazama juu. Wa Kisiki umepinduka, unamwaga maji!"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu alinyamazisha kelele, akautazama mchoro, kisha akaulinganisha na kitabu. "Umeuchora kichwa chini, mwanangu. Na hili doa limetoka wapi? Halimo kitabuni. Chora upya, ufuate kitabu."

"Sichori upya, Mwalimu."

Kiranja alifumba macho kama mtu anayesubiri kishindo.

"Unasemaje?"

"Samahani, Mwalimu. Sikuchora kitabu. Nilichora mwezi. Nilivyouona ndivyo ulivyo hapo."

"Basi nisikilize vizuri," Mwalimu alisema kwa ukali. "Wazazi wakiuona mwezi huu watatucheka. Ama uuchore sawasawa, ama meza ya mbele nitampa mwingine."

Kisiki alirudi kukaa, akiwa ameibana midomo, machozi karibu. Aliitaka meza ile kuliko kitu chochote. Lakini kuchora asichokiona? Hata kwa dawa!

Nyumbani baba alimsikiliza mpaka mwisho huku akinawa mikono yenye mafuta. "Kubishana na mwalimu mdomo kwa mdomo si adabu," alisema. "Kama una hoja, beba bomba lako umwonyeshe. Macho hayabishani."

Asubuhi iliyofuata Kisiki aliingia shuleni na bomba begani. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba utazame mwenyewe."

Mwalimu alikaribia kukataa. Kisha alisimama mlangoni mwa darasa, akahakikisha bomba limelipa jua mgongo. "Na mnisikie nyote," alisema. "Atakayelielekezea jua darubini atapofuka kufumba na kufumbua." Alilenga bango la shule lililokuwa mbali, kule getini. Alifunga jicho moja.

"Bango limepinduka," alisema hatimaye. "Na mlinzi anatembea kwa kichwa."

Wanafunzi waligombania kuchungulia. Mwalimu alichukua kitabu, akasoma ukurasa wa lenzi, akatikisa kichwa akijicheka. "Nimekufundisheni mwenyewe kwamba lenzi za namna hii hupindua picha, kisha nimesahau. Kisiki, wewe ulikuwa sahihi, mimi nilikosea. Meza ya mbele ni yako."

Ungemwona Kisiki! Alitembea kama mtu aliyeongezwa urefu. Kiranja alipofikiwa na zamu alikunja uso. "Mbona kuna kidoa kwenye bango?"

"Bango lenu chafu," Kisiki alimkata kauli. "Na doa langu la mwezini lipo. Kama la kupinduka lilikuwa kweli, na hilo ni kweli."

Hakuna aliyembishia tena. Walioongoza kicheko ndio walioongoza sifa, na doa wakaliita ziwa. Kiranja alichora picha kubwa kwenye karatasi ya ukutani, akaandika kwa herufi nyekundu: ZIWA LA KISIKI, LIMEGUNDULIWA NA DARASA LETU. Habari ilienea mpaka madarasa ya wakubwa.

Jioni ya Alhamisi Kisiki alitaka kulichora ziwa lake kwa uzuri zaidi. Mwezi ulikuwa umenenepa, na ziwa lilionekana katikati kama kawaida. Alizungusha kibomba chembamba ili picha ikae sawa. Mwezi ulibaki pale pale. Ziwa likatembea.

Alishusha mkono. Labda macho yamechoka, alijiambia. Alizungusha tena taratibu. Ziwa lilifuata vidole vyake, likapita juu ya milima, likatoka kabisa nje ya mwezi na kuelea angani peke yake. Alichomoa kibomba, akaingia ndani kwenye taa. Kwenye lenzi ndogo kulikuwa na tone la rangi nyeusi, rangi yake mwenyewe.

Mama, ambaye alikuwa akishona pindo la sketi ya shule ya Kisiki, aliinua kichwa. "Mbona umesawijika hivyo?"

"Ziwa ni rangi, Mama. Niliidondosha mwenyewe juzijuzi nilipolipaka bomba upya."

Mama alilitazama tone, kisha akamtazama binti yake kwa huruma. "Lifute, mwanangu. Ukilifuta limekwisha. Nani ataliuliza?"

Hilo lilikuwa wazo tamu. Kukwangua kwa ukucha tu, na hakuna ambaye angejua. Kisiki alifikiria ile picha ya ukutani na herufi zake nyekundu. Alimfikiria Kiranja, na vile watakavyomcheka safari hii, na safari hii watakuwa na haki. Aliona aibu hata kabla haijafika. Lakini alikuwa amemkatalia Mwalimu mbele ya darasa zima kwa sababu hakutaka kuonyesha watu mwezi usiokuwapo. Angewezaje sasa kuwaonyesha ziwa lisilokuwapo?

"Sifuti," alisema.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitawaonyesha, Mama. Wacheke mpaka wachoke."

Ijumaa alasiri uwanja wa shule ulijaa wazazi. Nusu ya mwezi ilikuwa imeshapanda upande mmoja wa anga, nyeupe kwenye bluu, na jua likiwa upande wa pili. Mwalimu Mkuu alifika meza ya mbele pamoja na wageni, darasa zima likiwa nyuma yake kwa kiburi. "Haya, tuonyesheni hilo ziwa linalosemwa," alisema.

Kisiki alipiga moyo konde. "Halipo, Mwalimu Mkuu."

"Halipo?"

"Ni tone la rangi kwenye lenzi. Nilikosea mimi. Ukizungusha hapa, litatembea. Ziwa la kweli haliwezi kutembea."

Minong'ono ilizagaa. Kiranja alikuwa amefura kwa hasira. "Unatuaibisha mbele ya wazazi wetu!" alimnong'oneza. "Si ungenyamaza tu?"

"Ninyamaze niwe mwongo kwa faida yako?" Kisiki alijibu, na hakunong'ona.

Mwalimu Mkuu aliinama, akazungusha kibomba, akaguna. Mwalimu wa Sayansi alisogea kwa upole kuubandua ule mchoro wa kwanza wa Kisiki, uliobandikwa kando ya darubini. "Acha nikuondolee huu."

"Hapana, Mwalimu, naomba ubaki." Kisiki alichukua kalamu, akachora mshale kwenye doa na kuandika: *Hii ni rangi. Milima ni ya kweli.*

Mwalimu aliligeukia darasa. "Sikieni," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa wazazi. "Huyu alinibishia mimi, nikakasirika. Alikuwa na haki, kwa sababu alisimamia alichokiona. Leo amefanya jambo gumu zaidi: amejibishia mwenyewe. Mtu anayebisha ili ashinde tu ni mkaidi. Mtu anayebisha kwa ajili ya ukweli hukubali kushindwa nao. Mbishieni mwalimu kwa adabu, kibishieni kitabu kwa ushahidi, na msisahau kujibishia nyinyi wenyewe."

Kisiki alichomoa kibomba, akaisafisha lenzi kwa kitambaa laini na spiriti aliyopewa na mjomba, akakirudisha. Wazazi walipanga foleni. Mmoja baada ya mwingine waliinama na kusema "Lo!" na wengine wakarudi nyuma ya foleni ili watazame tena. Jirani naye alikuwamo, na alikaa kwenye lenzi mpaka akasukumwa.

Wa mwisho kuja alikuwa Kiranja, amenuna. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akakizungusha kibomba mwenyewe, mara moja, mara mbili.

"Unatafuta nini?" Kisiki alimuuliza.

"Nahakikisha. Kwani nikuamini tu kwa sababu ni wewe?"

Kisiki alicheka kwa mara ya kwanza tangu jioni ya jana yake. "Usiniamini hata kidogo," alisema, akamvutia ndoo akae.