Fundo Lililosokotwa kwa Mkono wa Kushoto

Jua lilikuwa linaaga wakati Mackrine aliposhika ndoo na jembe dogo, akateremka bondeni kuchota tope jeusi. Ndilo tope analofukia sufu iliyochemshwa na majani mpaka ishike weusi usiochuja. Alikuwa na sweta za kumalizia, na tope la nyumbani lilikuwa limekwisha.

Njia ya bondeni inapita nyuma ya nyumba ya Sperancia. Angeweza kuzunguka kwenye mashamba ya kahawa. Hakuzunguka.

Kijiji kizima cha Ihanda kinajua kwamba Mackrine ndiye aliyemfundisha Sperancia kazi. Alimfundisha kuchambua sufu ya kondoo, kuisokota kwa pia, kile kijiti cha kusokotea uzi, na kuchemsha maganda ya vitunguu ili ipatikane manjano. Miaka minne tu. Sasa mwanafunzi kamzidi mwalimu. Amepata bluu, bluu ya ajabu, na hakuna anayejua anaipika na nini. Picha za sweta zake zinazunguka kwenye simu za watu mpaka Kyerwa. Na bado, akikutana na Mackrine njiani, anainama kwa adabu zote: "Shikamoo, mwalimu wangu." Heri angemtukana.

Hayo angeyameza. Lisilomezeka lilikuwa la Ainembabazi, binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa. Msichana huyo alisimama mbele ya wanawake wa kanisani akasema, "Mama anafuma vizuri, lakini dada Sperancia ana mikono." Wiki hiyohiyo akahamishia pia yake kwa Sperancia. Nyumbani akawa anakuja kulala tu, na siku nyingine haji kabisa.

Mackrine alikuwa na wivu. Tusimfichie. Wivu wa kumkosesha mtu usingizi, wa kumfanya anywe chai yenye sukari tele na bado aione chungu.

Kambani kwa Sperancia palining'inia mafundo ya uzi wa bluu uliozungushwa vitanzi, yanakauka. Hapakuwa na mtu uani. Mackrine alinyakua moja, akalitia kifuani, akaendelea na safari yake kama mtu aliyeokota kuni.

Alikuwa na nia, nayo haikuwa nzuri. Msokotaji hulowesha vidole kwa mate ili uzi ulale, na mate hayo hukauka humohumo ndani. Ukiushika uzi wake, umemshika yeye. Kesho Mackrine angepanda bodaboda mpaka Nyakatuntu, kwa mganga aliyeelekezwa, na mikono ya Sperancia ingekauka. Basi.

Bondeni vyura walikuwa wanalia. Alipopiga jembe la kwanza, wakanyamaza wote kwa pamoja.

Kukawa na harufu... harufu ya kondoo aliyenyeshewa.

"Usihangaike kwenda Nyakatuntu."

Mwanamke alikuwa ameketi ng'ambo ya shimo la tope, kajifunika shuka. Uso haukuonekana vizuri. Mikono ilionekana. Ilikuwa laini mno, haina mkunjo hata mmoja, wala haikuwa na tope.

"Wewe ni nani?" Mackrine alinong'ona.

"Mfumaji mwenzako. Toa huo uzi. Nishikie, niuviringe."

Miongoni mwa wafumaji, ombi hilo halikataliwi. Fundo la uzi haliwi donge bila mikono miwili ya mtu mwingine ya kulitanua, na ukishamshikia mwenzako, humwachii mpaka uzi uishe. Mackrine mwenyewe aliwafundisha hivyo wanafunzi wake wote. Mikono yake ikajinyoosha.

Uzi ukaanza kukimbia. Srrr... srrr...

"Ni wa nani?"

"Wa Sperancia. Nataka mikono yake ikauke."

"Mimi sikaushi. Mimi navuta. Mwenye uzi huu atavutwa mpaka mlangoni kwako, na atakayeingia hatatoka tena."

Mackrine alimwona Sperancia akilini mwake, kapiga magoti uani, na bluu yake imemshinda. Akatabasamu gizani, Mungu amsamehe.

Lakini vidole vya msokotaji havilali. Uzi ulipopita kwenye dole gumba, alihisi jambo. Ulikuwa umesokotwa kinyume. Ulielekea kushoto.

Katika Ihanda nzima, aliyekuwa akisokota kwa mkono wa kushoto ni mtu mmoja tu.

Ainembabazi.

Mwanafunzi wa siku mbili angeligundua hilo pale pale kambani. Yeye, mwalimu, alikuwa amejaa hasira, na mwenye hasira na Sperancia huona Sperancia kila mahali.

"Ngoja!" alisema.

Mwanamke akasimamisha mkono. Ulibaki uzi wa urefu wa pima moja.

"Nikate? Nikikata, atabaki huko aliko."

Huko aliko. Kwa Sperancia, kwenye sufuria za Sperancia, akicheka vichekesho vya Sperancia. Mackrine alijiuliza kama ni dhambi mtoto kuvutwa arudi kwa mama yake mzazi. Alijijibu haraka, kabla moyo haujamjibu vingine.

"Malizia."

Srrr.

Fundo zima lilikuwa limekwisha, lakini donge lilikuwa dogo kama yai la kuku. Mwanamke alilitia kinywani.

Akalimeza.

Mackrine hakumbuki alivyopanda mlima. Alijikuta jikoni kwake, ndoo tupu mkononi, usiku ndiyo kwanza unaingia. Aliwasha taa, na alipogeuka, binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amesikia hatua.

"Nimerudi, mama."

Mackrine alimkumbatia, akambana. Mwanawe alikuwa wa baridi, na nguo zake zilinuka kondoo wa mvua, lakini anayeshinda na sufu atanuka nini kingine? Msichana aliketi kwenye mkeka, akachukua pia, akaanza kusokota.

"Hutaenda tena kule?"

"Siendi."

"Na... na kazi zangu? Unazionaje?"

"Kazi zako ndizo kazi, mama. Za Sperancia ni rangi tu."

Maneno hayo aliyangoja miezi! Yalimshuka kifuani kama uji wa moto, machozi yakamlenga. Alijifuta kwa ncha ya kanga, akamtazama mwanawe asokote.

Alikuwa anasokota kwa mkono wa kulia.

Mlango ukagongwa.

"Mwalimu! Mama Aine! Fungua, waitu, tafadhali!" Ilikuwa sauti ya Sperancia, anahema. "Aine ameanguka ghafla. Nimemkokota mpaka hapa. Mwili wote baridi, anakutaja wewe tu!"

Na chini ya sauti hiyo, nyingine, nyembamba: "Mama..."

Aliyeketi mkekani hakuinua kichwa. "Anaingia mmoja tu," alinong'ona. "Nami nimeshaingia."

Mackrine alirukia komeo. Akalishika.

"Fungua, mwalimu!" Sperancia alikuwa analia sasa. "Alikuwa anajifunza bluu kwa ajili yako! Alitaka akushangaze. Leo kasokota fundo la kwanza la kukupa, na mwizi kaliiba kambani. Lilimwuma hilo... Nimembeba kama mwanangu, fungua!"

Kama mwanangu.

Mkono wa Mackrine ukaganda kwenye komeo. Hata sasa. Hata katika hili, ni Sperancia aliyembeba. Wivu ulimchoma kwa muda wa pumzi moja, si zaidi, kisha akalivuta komeo kwa nguvu zake zote.

Sperancia alikuwa amesimama peke yake. Begani palilala kitenge kitupu.

"Alikuwa hapa," alisema, anapapasa kitenge. "Sasa hivi alikuwa..." Macho yake yakapita juu ya bega la Mackrine mpaka mkekani, na uso wote ukalegea kwa faraja. "Aine! Kumbe umeshaingia! Umenitisha, mdogo wangu."

"Pole, dada," msichana alijibu, anatabasamu. "Nimepona. Nimerudi kwa mama."

Mackrine alifungua kinywa. Angesema nini? Angeanzia wapi, bila kuanzia na mkono wake kambani?

Sperancia alijifuta machozi, akaaga. Hatua chache uani akasimama, akatega sikio kuelekea chini, kwenye migomba.

"Mwalimu... kuna mtu anaita huko?"

Mackrine alisikia vizuri sana. Sauti ileile nyembamba ilikuwa inakwenda mbali, inateremka bondeni, inaita neno moja.

"Hakuna mtu," alisema, akafunga mlango.