Nilimwambia Tunaenda Kununua Viatu

Nina miaka thelathini na mbili, ninauza mitumba Kerugoya, na mume wangu ni fundi wa mashine za mchele huko Wang'uru, huja nyumbani wikendi tu. Wasomaji wenzangu, nina hasira... na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe!

Binti yetu Wanjiru, mwenye miaka sita, alisumbuliwa na tonsili tangu chekechea. Kila mwezi homa, kila mwezi koo limevimba, akilala anakoroma kama mzee. Daktari mmoja wa Nyeri akasema zitolewe. Akanionya kwamba siku hiyo mtoto asitie kitu mdomoni.

Nikaogopa kumwambia. Si angelia wiki nzima? Nikamdanganya kwamba tunaenda Nyeri kununua viatu vyekundu. Mama mkwe wangu, tunayeishi naye boma moja, nikamwambia vivyo hivyo. Angejua ni upasuaji, kufikia saa nne kikundi chake cha maombi kingekuwa kimejaa sebuleni kwangu.

Asubuhi ile, nikiwa naoga, Wanjiru akakimbilia jikoni kwa cucu wake, bibi yake huyo, kumuaga. Nani kwetu huacha mtoto asafiri na njaa? Akapewa uji wa maziwa, kikombe kizima. Mimi sikujua lolote!

Tulipoingia hospitalini alinitazama tu. "Mami, viatu viko wapi?" Wauguzi wawili wakamshika, wakamdunga sindano mkononi, akalia hadi sauti ikakauka. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, daktari wa dawa ya usingizi akamuuliza yeye mwenyewe kama amekula. Akasema, huku akishikwa na kwikwi, kwamba cucu alimpa uji.

Upasuaji ukaahirishwa papo hapo! Daktari alinifokea mbele ya watu kwamba mtoto angetapika akiwa usingizini, apaliwe, afe. Machozi yote yale, sindano ile... bure kabisa!

Nilifika nyumbani nikiwaka, nikamlaumu mama mkwe kwa kila kitu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Ungeniambia ni hospitali, si ningeficha hata sufuria? Wewe uliniambia ati ni viatu!"

Tulipewa tarehe nyingine, wiki sita mbele. Wiki gani hizo! Wanjiru alikataa kupanda gari lolote, hata la shule. Nikimpa dawa, anafunga mdomo. Nikimwita tu akaoge, anauliza tunaenda wapi. Koo likavimba mara mbili tena, na aliyeweza kumnywesha dawa ni cucu peke yake.

Safari ya pili nilimweleza ukweli wote, hata kwamba koo litauma siku kadhaa. Akageuka, akamtazama bibi yake. "Cucu, ni ukweli?" Cucu akaitikia. Ndipo akakubali kuvaa sweta, tukaenda sote watatu.

Tonsili zilitolewa salama. Alipoamka nilimpa maji baridi, nikamwambia yatamsaidia. Akakataa, midomo imemkauka! Cucu alipochukua kikombe kile kile na kumpa, Wanjiru akanywa.

Wazazi wenzangu, nawasihi, mwambieni mtoto ukweli hata akilia wiki nzima. Kilio huisha! Viatu vyekundu nilivinunua baadaye. Bado viko kwenye boksi. Kila nikivitoa, Wanjiru anarudi nyuma na kuniuliza, "Mami, leo tunaenda wapi?"