Madole Sitini na Moja ya Dumerpadar

Kuntala alipima mchele wa watu watatu. Kisha akakumbuka, akarudisha kopo moja guniani. Miezi sita ilikuwa imepita, na mkono wake bado ulimpimia Jhunu chakula.

Jhunu alikuwa mkamwana wake. Mwezi wa saba wa mwaka uliopita, mvua ikinyesha, uchungu wa kuzaa ulimshika. Wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi korongoni. Korongo lilikuwa limefurika. Ng'ambo ya pili, gari la wagonjwa lilikuwa linamsubiri. Walingoja maji yapungue tangu asubuhi hadi alasiri. Jhunu alifia pale ukingoni, na mtoto tumboni. Mumewe, Gobinda, alikuwa mbali kwenye tanuri za matofali. Alirudi, akakaa matanga, akaondoka bila kumuaga mtu.

"Miaka minane tunamwomba mwenyekiti wa kijiji daraja!" Kuntala alisema, akipuliza moto. "Harusini tumemwambia. Sokoni tumemwambia. Kila mara, 'Ndiyo mama, nimesikia mama.' Masikio yale kayatundika tu?"

Mumewe, mzee Dasarathi, alikuwa anakunja mkono wa shati.

Aliyejibu ni Pramodini, mhudumu wa afya wa kitongoji, aliyekuja kumpima mzee presha. "Shangazi, mlimwambia mkutanoni?"

"Mkutano gani?"

"Mkutano wa kitongoji. Wa kila mwaka, mwezi wa pili."

"Ebo! Nimeolewa hapa miaka thelathini, mkutano huo sijauona."

"Hujauona, lakini nadhani umeuhudhuria," alisema Pramodini. Hakuwa anatania. "Kesho twende ofisi ya baraza la kijiji. Kila mpiga kura ana haki ya kuomba kuonyeshwa daftari."

Kesho yake walikwenda. Karani wa baraza aliwatazama juu na chini.

"Mama, kusoma hujui. Daftari unataka kuangalia picha?"

"Macho yangu, haki yake," alisema Pramodini. "Lete."

Karani alinung'unika, akaleta. Pramodini alifungua ukurasa wa mwezi wa pili, kabla ya mvua iliyomchukua Jhunu.

"Mkutano wa kitongoji cha Dumerpadar. Waliohudhuria, sitini na mmoja."

Kuntala alicheka. "Sitini na mmoja? Walikaa wapi, juu ya miti?"

"Kuntala, mke wa Dasarathi. Hili dole lako." Pramodini alisogeza kidole chini kidogo. "Jhunu, mke wa Gobinda. Hili dole lake."

Kicheko kilimkauka Kuntala. Sasa alikumbuka. Chaitan, tarishi wa ofisi, alikuja na baiskeli, daftari kwapani na kidau cha wino mkononi. Ndivyo alivyofanya kila mwaka. Alipita nyumba kwa nyumba, na watu walitia dole bila kuuliza. Mgeni amekuja na karatasi ya serikali, utamrudishaje mikono mitupu? Kuntala alimpa maji na bisi za mchele. Jhunu alikuwa ameteremka bwawani kufua. "Mtilie na mkamwana, shangazi, nisirudi tena," alisema Chaitan. Kuntala akatia mara mbili. Dole lililokuwa mbele ya jina la Jhunu lilikuwa lake yeye.

"Soma waliyokubaliana," alisema.

"Kazi ya kwanza, jukwaa la saruji karibu na duka. Kazi ya pili, kutengeneza njia ya mbele ya nyumba ya mjumbe wa kitongoji."

"Na daraja?"

Pramodini alipekua mbele na nyuma. "Halimo. Hakuna aliyelitaja."

Karani alijifanya anatafuta kalamu.

"Sikiliza, shangazi," alisema Pramodini polepole. "Mwenyekiti hawezi kutoa daraja mfukoni. Kazi inatajwa kwanza kwenye mkutano wa kitongoji, inaandikwa. Inakwenda mkutano wa kijiji kizima. Baraza linaiweka kwenye mpango wa mwaka. Mpango unakwenda ofisi ya tarafa, na huko ndiko kuna fundi wa kupima na idhini ya kujenga. Kisichoandikwa huku chini, huko juu hakifiki. Na mkutano bila watu wa kutosha ni batili. Ndiyo maana wanayataka madole yenu. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Lakini sisi tumeandikwa tulikuwepo!"

"Huo ndio ubaya wake. Mbele ya sheria mlikaa, mkasikia, mkachagua jukwaa."

Kuntala alikaa chini sakafuni. "Basi nimemuua mimi. Kwa kidole changu."

"Hukujua, shangazi."

"Na kutojua kwangu kumemzika."

Pramodini alimshika mkono, wakarudi nyumbani.

Mwezi wa pili ulipofika, Chaitan alikuja na baiskeli yake. Kuntala alimpa maji.

"Dole, shangazi."

"Mkutano lini? Wapi? Saa ngapi?"

"Aa, shangazi, mnanitesa bure! Nyumba ya saba hii, wote mnauliza hayo hayo. Nitafukuzwa kazi!"

"Maji kunywa. Dole hupati. Tutalileta wenyewe."

Siku ya mkutano walijaa kwenye veranda ya shule, wengi wao wanawake. Mjumbe wao, aliyeongoza mkutano, alitaka kumaliza haraka. Kuntala alisimama.

"Daraja la korongo. Liwe la kwanza."

"Nimesikia, mama, nimesikia."

"Usisikie. Andika!"

Watu walipiga makofi. Mjumbe akaandika.

"Sasa soma tusikie," alisema Pramodini.

Akasoma mara mbili. Hapo ndipo walipopanga foleni, kila mtu akatia dole lake mwenyewe. Pramodini aliomba nakala yenye mhuri na tarehe. Kuntala aliibeba hadi mkutano wa kijiji, kisha ofisi ya tarafa, mara nne, kwa miguu. Mara ya nne fundi alikuja na utepe wa kupimia. Daraja dogo la saruji lilimalizika siku tano kabla ya mvua.

Mwezi wa saba korongo likafurika kama kawaida yake. Rashmi, mkamwana wa jirani yao Sebati, alishikwa na uchungu alfajiri. Walimvusha kwa dakika tatu. Siku ya tatu alirudi na mtoto wa kike, mwenye afya, mnene, kelele tele. Kitongoji kizima kilitoka kumpokea. Kuntala hakutoka.

Sebati alimfuata ndani, akamweka mtoto mapajani mwake. Machozi yakamtoka Kuntala, yakaanguka juu ya nguo za mtoto.

"Jamani dada, unalia nini? Daraja si tumelipata?"

"Tumelipata," alisema Kuntala. "Kwa kikao cha nusu siku, Sebati. Nusu siku tu. Na mwaka ule wa Jhunu nilikuwa hapa hapa nyumbani, nimekaa, sina kazi yoyote."